Chumba chenye kila kitu au fleti yenye mita yako? Nani analipa bili kwenye makazi ya muda ya kaunsili, Uingereza

"Dada, wanatuhamisha kutoka hotelini kwenda fleti. Umeme tutalipa sisi au kaunsili?" Swali hili hunifikia karibu kila Jumamosi, pale ukumbini tunapokaa na watu kuwasomea barua zao. Na siku hiyo hiyo huja mwingine, yuko hosteli, karatasi iko mkononi: "Waliniambia kila kitu kimo ndani ya pango. Mbona nadaiwa paundi 200?"

Wote wawili wanaishi kwenye makazi ya muda, yaani mahali ambapo kaunsili (serikali ya mtaa) inakuweka ukiwa huna pa kukaa, wakati kesi yako inachunguzwa au unaposubiri nyumba ya kudumu. Mwishoni mwa Machi 2025 kaya 131,140 zilikuwa kwenye makazi ya namna hii huku England, na watoto waliokuwa humo walifika 169,050. Naandika kuhusu England tu, maana Scotland, Wales na Ireland ya Kaskazini zina sheria zao.

Niseme msimamo wangu mapema. Kwa familia yenye watoto itakayokaa miezi au miaka, fleti yenye mita ya jina lako ni bora kuliko chumba chenye kila kitu, hata kama bili zinatisha mwanzoni. Kwa mtu mmoja wa wiki chache, chumba kinamtosha. Lakini kuna jambo moja linaloweza kuupindua ushauri huu wote, nalo ni namna nyumba inavyopashwa joto. Nitalifikia.

Je, unapewa nafasi ya kuchagua?

Kidogo. Kaunsili hailazimiki kukuwekea nyumba tatu mezani ili uchague. Hukupa moja, aghalabu Ijumaa alasiri, na ukikataa nyumba inayofaa inaweza kutangaza kwamba wajibu wake kwako umekwisha. Kwa hiyo usikatae nyumba kwa sababu ya bili kabla hujaongea na mshauri. Namba ya Shelter, shirika la ushauri wa makazi, ni 0808 800 4444, haitozwi.

Nafasi yako iko kabla ya kupewa. Ofisa anapokufanyia tathmini, mwandikie mapato yako na matumizi yako yote, na umweleze kama kuna mtoto mwenye pumu au mzee asiyestahimili baridi. Kuna agizo la mwaka 1996 linaloitaka kaunsili, inapopima kama nyumba inakufaa, iangalie pia kama unaweza kuimudu baada ya mahitaji mengine ya maisha. Isipoona hesabu yako itapima kwa kukisia. Ikiwa umeshakubaliwa kuwa kaunsili ina wajibu kamili kwako, unaweza kuingia kwenye nyumba na wakati huo huo ukaomba uamuzi upitiwe upya, ndani ya siku 21. Unakaa huku unalalamika. Walio kwenye malazi ya dharura ya mwanzo hawana mapitio hayo. Wao njia yao ni wakili, na haraka.

Hoteli, gesti na hosteli: mita si yako, lakini gharama yako ipo

Hapa huna akaunti na kampuni ya umeme wala ya maji. Kodi ya kaunsili (council tax, si pango), kwa kawaida humwangukia mwenye jengo pale watu wanaposhirikiana jiko na bafu. Unapewa ufunguo, unawasha taa, basi. Kwa aliyetoka kwenye nyumba za waomba hifadhi za Home Office, wizara ya mambo ya ndani, ambako mkandarasi hulipa kila bili, mambo yanaonekana hayajabadilika.

Yamebadilika sana. Kaunsili inakutoza pango la chumba kile, na pango hilo hulipwa na Housing Benefit, posho inayoombwa kaunsilini. Tangu Aprili 2018, aliye kwenye makazi ya muda huomba Universal Credit kwa ajili ya kula na kuvaa, na Housing Benefit kwa ajili ya pango. Ni maombi mawili, ofisi mbili. Nimeona watu wazima wenye akili timamu wamekaa wiki nane wakidhani la kwanza limebeba la pili, na mtu wa umri wa kufanya kazi akichelewa, hata akiwa na sababu nzuri, anarudishiwa mwezi mmoja tu wa nyuma. Omba yote mawili siku ile ile unayopokea ufunguo.

Sasa tuje kwenye zile paundi 200. Housing Benefit hailipi umeme wa chumbani mwako, wala joto, maji ya moto, gesi ya kupikia, maji ya bomba au chakula. Mwenye jengo akiwa ameyatia hayo ndani ya pango, ofisi ya posho huyatoa kwanza ndipo hulipa kilichobaki. Kile kilichotolewa unakilipa wewe mfukoni, kila wiki. Kwenye barua hujulikana kama "ineligible charges" au "service charge", mstari mmoja chini ya tarakimu kubwa za pango. Ndugu yetu alikuwa anatakiwa paundi 20 kwa wiki tangu siku aliyoingia, na zilikuwa zimepita wiki kumi. Hakuna aliyemdanganya kwamba kila kitu kimo; kimo kweli, ila si kila kilichomo hulipiwa na posho. (Taa za korido na ngazi ni habari nyingine, hizo posho inaweza kuzibeba.)

Deni hilo lisikudanganye kwa udogo wake. Mwaka 2014 Mahakama ya Juu, katika kesi iliyohusu kaunsili za Lewisham na Newham, iliamua kwamba mtu aliye kwenye malazi ya dharura ya mwanzo anaweza kutolewa bila kaunsili kwenda kwanza mahakamani. Ukitolewa kwa kutolipa, kaunsili inaweza kusema umejifanya mwenyewe kukosa makazi, na neno hilo likishaingia kwenye faili lako ni kazi kubwa kuliondoa. Kwa hiyo panga malipo ya benki ya kila wiki, hata kama ni paundi 15 tu, na ukishindwa zungumza nao kabla hawajakuandikia.

Wema wa chumba ni kwamba unajua utalipa kiasi gani. Baridi ikizidi Januari bili yako haipandi, na taa haizimiki usiku kwa kukosa salio. Ubaya wake hauandikwi kwenye barua yoyote. Hosteli niliyokaa na wanangu ilikuwa na jiko moja la plati nne kwa familia sita. Ukitaka kusonga ugali unasubiri hadi saa nne usiku, watoto wameshalala na njaa au wameshashiba chipsi za kununua. Sufuria ya wali ya umeme ilikatazwa chumbani. Nguo tulifua kwa sarafu. Hita ilifungwa na kufunguliwa na mtu wa ofisini, si sisi, hivyo Oktoba tulivaa makoti ndani na Aprili tukafungua madirisha kwa joto. Hizo zote ni bili, zimevaa nguo nyingine.

Na kwa hoteli au gesti ya mtu binafsi, familia yenye mtoto au mama mjamzito haitakiwi kuwekwa humo zaidi ya wiki sita. Kikomo hicho hakizigusi hosteli zinazomilikiwa au kuendeshwa na kaunsili yenyewe au na mashirika ya nyumba. Hesabu wiki zako, uandike barua ya kuwakumbusha.

Fleti inayolipwa kwa usiku: angalia mara mbili

Hii ndiyo ninayoiogopa kuliko zote. Kampuni au mtu binafsi ana jengo, kaunsili inamlipa kwa kila usiku. Mara nyingi ni nyumba ya zamani iliyokatwakatwa vyumba vidogo vyenye jiko na choo ndani. Mita ya kweli ni moja, iko chini, kwa jina la mwenye jengo. Ndani kwako kuna kimita kidogo cha kwake, unanunua kadi kwa msimamizi.

Unabeba gharama za mtu mwenye fleti, lakini haki za mteja wa umeme huna. Bei ya kikomo inayopangwa na Ofgem, mdhibiti wa umeme na gesi, huwalinda wateja wa majumbani, na jengo linaweza kuwa kwenye mkataba wa kibiashara. Ulinzi ulionao ni mmoja: kwa kanuni za Ofgem anayekuuzia tena umeme haruhusiwi kukutoza kwa kila uniti zaidi ya anachotozwa yeye. Una haki ya kumwomba akuonyeshe anavyopiga hesabu. Akikuzidishia, unaweza kudai urudishiwe, hata kwa mahakama ya madai madogo.

Wengine wenye majengo hujumlisha kila kitu, na hapo yote niliyosema kuhusu hosteli yanahamia kwako. Na usimsikilize jirani tu. Nimewahi kuona fleti mbili zinazotazamana kwenye korido moja, ya kushoto inalipa kwa kadi, ya kulia imejumlishwa. Uliza kwa maandishi, barua pepe inatosha: mita ni ya nani, maji analipa nani, kodi ya kaunsili iko kwa jina la nani.

Fleti au nyumba yenye mita ya jina lako

Inaweza kuwa nyumba ya kaunsili yenyewe, au kaunsili imeikodi kwa mwenye nyumba binafsi ikaiweka kwenye orodha ya makazi ya muda. Pango linaendelea kwa njia ya Housing Benefit, ila umeme, gesi, na mara nyingi maji na kodi ya kaunsili ni juu yako tangu siku ya ufunguo. Hata kama hujasaini chochote na kampuni ya umeme, sheria inakuhesabu mteja wa kampuni iliyopo tangu unapoanza kutumia.

Sisi tulipewa fleti Ijumaa ya Novemba, saa kumi jioni, giza limeshaanza. Kwenye kabati la mlangoni kulikuwa na mita ya kulipia kabla, na ndani yake ufunguo wa plastiki wa aliyetutangulia. Nikakimbia dukani nikauwekea paundi 20, nikarudi nikauchomeka. Skrini ikaandika 3.85. Paundi 10 zilirudisha mkopo wa dharura alioutumia yeye, na zilizobaki zililiwa na ada za kila siku zilizolundikana nyumba ilipokuwa tupu, pamoja na kipande cha deni lake la zamani. Jumatatu nilipiga simu kampuni ya umeme, nikawatumia picha ya ukurasa wa kwanza wa mkataba wenye tarehe. Nikapewa ufunguo mpya, mita ikasafishwa. Paundi 16 zangu zilirudi baada ya wiki tatu za kupigapiga simu.

Tangu hapo namwambia kila mtu: kabla ya kuwasha taa, piga picha ya mita ya umeme na ya gesi, tarakimu zionekane. Usitumie ufunguo wala kadi ya mtu mwingine. Kama hujui kampuni ni ipi, ya gesi unaitafuta kwenye tovuti ya Find My Supplier, ya umeme unaiuliza kampuni ya nyaya za eneo lako, ambayo kwa London ni UK Power Networks.

Wengi wetu tunaiona mita hii tunasema, ah, Luku. Mkenya atasema tokeni, Mganda Yaka. Inafanana, lakini kuna tofauti inayowagharimu watu. Luku yako ya Tanzania ukiiacha na uniti kumi ukaenda kijijini, ukirudi unazikuta, labda kikatwe kile cha kodi ya jengo kilichoanza mwaka 2021. Mita ya Uingereza hula kila siku ada ya kuwepo tu, ya umeme na ya gesi, hata usipowasha kitu. Akina mama wengi huacha kuweka pesa kwenye kadi ya gesi kiangazi kwa sababu hawapashi joto. Septemba wanaweka paundi 20 za kwanza, mita inazimeza. Weka kidogo kidogo mwaka mzima.

Lile jambo linalopindua yote ni hili. Kwa bei za majumbani, uniti moja ya umeme hugharimu karibu mara nne ya uniti moja ya gesi. Fleti yenye boila ya gesi na fleti yenye hita za umeme za ukutani zinaweza kuwa na pango moja, vyumba sawa, mtaa mmoja, na bili zikawa mbali kabisa. Kwa hiyo swali la kwanza la kumuuliza ofisa ni: inapashwa joto kwa nini? Ukiambiwa ni joto la jengo zima linalotoka kwenye boila kubwa ya pamoja, uliza bei yake na nani anatuma bili, kwa kuwa joto la namna hiyo haliko chini ya bei ya kikomo ya Ofgem, na Housing Benefit hailipi sehemu ya ndani kwako.

Faida ya jina lako kuwa kwenye akaunti ni ya pesa taslimu. Punguzo la majira ya baridi liitwalo Warm Home Discount ni paundi 150 kwa mwaka, na tangu baridi ya 2025 kuingia 2026 linawafikia wote wanaopata posho zinazopimwa kwa kipato, Universal Credit ikiwemo, mradi wewe au mwenzi wako ndiye mwenye jina kwenye akaunti ya umeme siku ya kuhesabiwa na kampuni iwe imo kwenye mpango. Aliye hosteli hapati. Aliye kwenye kimita cha mwenye jengo hapati. Tofauti na hilo, malipo ya Cold Weather Payment, paundi 25 kwa kila siku saba mfululizo za baridi ya sifuri au chini yake kati ya Novemba na Machi, huja na posho yako popote ulipo ukiwa na sifa, kwa mfano mtoto wa chini ya miaka mitano.

Ukiwa na akaunti, jiandikishe pia kwenye orodha ya wateja wa kupewa kipaumbele. Mjamzito, mwenye mtoto mdogo, mzee, mgonjwa, wote wanaingia. Na kampuni ikikaa kimya kwa uzembe wake kisha ikakuletea bili ya miaka mitatu, haiwezi kukutoza umeme uliotumika zaidi ya miezi 12 nyuma.

Maji hayakatwi. Sheria imekataza kuikatia maji nyumba ya kuishi kwa sababu ya deni, hivyo mtu akikutishia hilo mlangoni, usitetemeke. Lakini deni linabaki, kwa hiyo omba punguzo la kampuni yako. Mwenye mita ya maji, anayepata posho na ana watoto watatu au zaidi, au ugonjwa unaotumia maji mengi, aombe WaterSure inayowekea bili yake kikomo.

Kodi ya kaunsili inawapata watu vibaya kuliko zote, sababu inatoka kwa kaunsili ile ile iliyokupa nyumba, nao watu hudhani haiwezekani ikakudai. Inakudai, na ofisi ya kodi haijui kwamba ofisi ya makazi imekuweka pale kwa dhiki. Kuna punguzo kwa wenye kipato kidogo, kila kaunsili na kiwango chake, ila unaliomba mwenyewe. Universal Credit haikuombei. Mtu mzima akiwa peke yake hupunguziwa asilimia 25. Usipofungua barua zake, zinazofuata huwa za madalali wa mahakama.

Kulipia kabla au kuletewa bili?

Kwenye makazi ya muda nashauri kulipia kabla, hasa kama mita ni ya kisasa unayoijaza kwa simu. Unaweza kuhamishwa kwa taarifa ya siku chache, na mtu wa kulipia kabla haachi bili ya mwisho inayomfuata kwa makadirio. Zamani ilikuwa ghali kuliko kulipa kwa benki. Chini ya bei ya kikomo ya Ofgem, tangu Aprili 2024 haiko ghali tena. Hatari yake ni giza. Salio likiisha kuna mkopo wa dharura wa paundi kama 10, na usiku au wikiendi mita kwa kawaida haizimi, lakini Jumatatu asubuhi inazima. Ukifika hapo ipigie kampuni simu uombe salio la msaada, au nenda Citizens Advice, shirika la ushauri wa bure, wakutafutie vocha ya umeme. Aliye na mashine ya kupumulia nyumbani, au dawa za kuwekwa kwenye friji, achague bili, si kulipia kabla.

Mkataba wowote wa miezi 18, uwe wa intaneti au bei ya umeme iliyofungwa yenye faini ya kutoka, usisaini. Chukua wa mwezi kwa mwezi.

Tuweke pembeni kwa pembeni

Tuchukue mama mwenye watoto wawili. Tarakimu hizi ni za kupigia hesabu tu, weka zako mahali pake. Hosteli: malipo ya huduma paundi 28 kwa wiki, kufua 12, na chakula cha kununua kwa sababu ya foleni ya jiko 30. Jumla 70. Fleti yenye boila ya gesi: umeme na gesi 38, maji 9, kodi ya kaunsili baada ya punguzo 6. Jumla 53, na lile punguzo la paundi 150 ukiligawa kwa wiki linaishusha kama 3 zaidi. Fleti imeshinda kwa paundi 20 kila wiki, na watoto wamekula ugali wa moto saa kumi na mbili jioni.

Sasa toa boila, weka hita za umeme, wakati wa baridi. Umeme unapanda hadi 60 na jumla inakuwa 75, ukitoa zile 3 inabaki 72. Hosteli imeshinda kwa paundi 2. Mimi bado ningehama, kwa ajili ya jiko na mlango wangu mwenyewe, ila ningehama nikijua, na ningemwandikia ofisa hesabu hiyo kwa tarakimu siku ile ile.

Kwa kijana mmoja anayesubiri wiki sita, hesabu haigeuki hivyo. Anakula kidogo, anafua mara moja, ada za kila siku na kodi ya kaunsili zingemwelemea fleti. Abaki chumbani, alipe mstari ule mdogo wa chini ya barua kila wiki, na atunze risiti.

Siku ya kuhama

Makazi ya muda yana tabia ya kukuhamisha mara tatu, mara nne. Kila mara, piga tena picha za mita mlangoni ukiwa na mabegi. Iambie kampuni ya umeme, ya gesi, ya maji, ofisi ya kodi na ofisi ya Housing Benefit tarehe ya kutoka, kila moja peke yake, kwa sababu haziambiani. Salio lililobaki kwenye mita ni pesa yako, omba urudishiwe. Na ule ufunguo wa plastiki uuchomoe uondoke nao, ili atakayeingia baada yako asianze na hesabu yako.